Diklo, Figo na Maji ya Uvira

Mwaka 2015 watafiti wa chuo cha London cha tiba za nchi za joto, pamoja na wenzao wa Kongo, walichapisha hesabu ambayo mama yeyote wa mitaa ya Mulongwe au Kalundu angeweza kuikisia kwa kutazama ndoo zake tu. Walichukua rekodi za maji yaliyozalishwa na kampuni ya maji ya REGIDESO mjini Uvira, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, kati ya 2009 na 2014, wakazilinganisha na daftari la wagonjwa walioingia kituo cha kutibu kipindupindu. Siku bomba lilipokauka kabisa, wagonjwa wa siku 12 zilizofuata waliongezeka zaidi ya mara mbili kuliko nyakati mitambo ilipozalisha vizuri, na karibu robo ya wagonjwa wote wa miaka ile waliweza kuhusishwa na kukatika kwa maji. Utafiti huo haukugusa vidonge vya maumivu hata kidogo. Hata hivyo naona ndiyo mahali pa kuanzia mtu anapotaka kusema lolote la maana kuhusu diklo (diklofenaki), ibuprofeni na dawa za jamii yao kwenye mwambao huu. Ushauri tunaousikia kila mara huhesabu vidonge: viwili asubuhi, viwili jioni, usizidishe. Hesabu hiyo ni ya lazima, lakini imetungwa kwa ajili ya mtu mwenye maji ya kutosha mwilini. Uvira ni mji ambamo jambo hilo haliwezi kuchukuliwa kuwa limekwisha hakikishwa.

Tuone kwanza dawa zenyewe zinafanya nini. Aspirini ilitengenezwa na mkemia Felix Hoffmann wa kampuni ya Bayer, Ujerumani, mwaka 1897. Ibuprofeni ikaanza kuuzwa Uingereza 1969, na diklofenaki ikafuata miaka ya 1970. Kwa zaidi ya miaka 70 watu walimeza aspirini bila mtu kujua inatulizaje maumivu. Jibu lilikuja mwaka 1971, pale Mwingereza John Vane alipoonyesha kwamba inakizuia kimeng'enya ambacho mwili hukitumia kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazoleta joto, uvimbe na maumivu mahali palipoumia. Kazi hiyo ilimpa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 1982. Ila prostaglandini hazikuumbwa ili kututesa. Zilezile zinazofanya goti liwake moto ndizo zinazotengeneza ute wa kulinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi yake, na ndizo zinazosimamia damu inayoingia kwenye figo. Kidonge hakina macho ya kuona goti ni lipi na figo ni ipi. Kikishaingia kwenye damu kinazima uzalishaji kila kinapofika.

Habari ya figo ndiyo inayosemwa kidogo kuliko zote, kwa hiyo niikalie. Figo mbili za mtu mzima huchuja kama lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu kwa siku, kisha hurudisha karibu yote na kutoa mkojo wa lita moja au mbili. Uchujaji huo unategemea msukumo wa damu. Mwili ukiwa na maji ya kutosha, msukumo upo, na prostaglandini hazina kazi kubwa pale. Ndiyo maana kijana mwenye afya akimeza ibuprofeni kwa jino linalouma, figo zake kwa kawaida hata hazishtuki. Mwili ukikauka, mambo hubadilika. Damu inapungua, na mwili unaanza kuibana mishipa ili moyo na ubongo visikose. Mishipa midogo inayoingiza damu kwenye vichujio vya figo ingebanwa pia, kama si prostaglandini zinazotengenezwa palepale kuilazimisha ibaki wazi. Katika saa hizo ndizo zinazoibeba figo. Mtu akimeza diklo wakati huo, anaondoa nguzo kuu iliyokuwa imebaki: mishipa inajibana, uchujaji unashuka, mkojo unakuwa mchache na wa rangi nzito, na sumu zinaanza kulimbikizana kwenye damu. Kidonge ni kilekile alichokimeza mwezi uliopita bila shida yoyote. Kilichobadilika ni mwili.

Sasa tulete kipindupindu. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza karibu lita moja ya maji kwa saa. Pamoja na maji hutoka chumvi, na chumvi zikipungua misuli hukaza: vigimbi vya miguu vinajikunja kama kamba, tumbo linakatika, mgonjwa analia kwa maumivu. Hapa ndipo mtego ulipo, kwa sababu maumivu hayo ni makali, yako kwenye misuli, na yanafanana kabisa na yale ambayo watu wamezoea kuyamalizia kwa diklo. Ndugu anatumwa farmasi. Anarudi na kipande cha plaketi kilichokatwa kwa mkasi, vidonge vinne, jina limekatika katikati na tarehe ya mwisho imebaki kwenye kipande kingine. Karatasi ya maelezo, ambayo hata hivyo imeandikwa Kifaransa au Kiingereza, imebaki ndani ya boksi. Mgonjwa anameza kwenye saa mbaya kuliko zote za kumeza. Kinachoyaondoa maumivu yale ni maji na chumvi, yaani unga wa SRO (chumvi za kunywa za kurudisha maji mwilini) uliokorogwa kwenye lita moja ya maji safi, au serumu ya mshipa kwa aliyelegea. Maji na chumvi vikirudi, misuli inaachia.

Hii si nadharia ya vitabu tu. Mwaka 2015 madaktari wa watoto wa Argentina walichapisha uchunguzi wao juu ya watoto walioletwa hospitali wakiwa wamekauka kwa kuharisha na kutapika. Waliokuwa wamepewa ibuprofeni walikuwa na hatari zaidi ya maradufu ya kuumia figo, hata baada ya kuzingatia kiwango cha kukauka kwao. Haukuwa uchunguzi mkubwa, na Buenos Aires si Uvira. Lakini unakwenda sambamba na kile ambacho elimu ya figo ingetabiri. Ushahidi mwingine, wa kushangaza zaidi, ulitoka kwa ndege. Huko India, Pakistan na Nepal tai mzoga walipungua kwa zaidi ya asilimia 95 ndani ya takriban miaka kumi, na mwaka 2004 ikabainika kwamba walikuwa wakila mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki na kufa kwa figo kushindwa kazi. India ikaipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Figo ya tai si figo ya binadamu, na siutoi mfano huu kumtisha mtu; nautoa kwa kuwa wengi hudhani madhara ya dawa hii yanaishia tumboni.

Kukauka nako hakuhitaji kipindupindu. Mtu mwenye palu, yaani malaria, anatokwa jasho, anatapika, hali wala hanywi, na malaria kali yenyewe inajulikana kuumiza figo. Mpakuzi wa bandari ya Kalundu anabeba magunia tangu asubuhi kwenye jua. Mvuvi wa ndagala anavuta nyavu usiku kucha. Mkulima wa bonde la Ruzizi anainama kwenye mpunga. Hawa wote huumwa mgongo kwa haki, na wengi wao humeza kidonge kabla ya kazi ili kuwahi maumivu. Kunywa maji kwanza, na kumeza jioni baada ya kula na kunywa badala ya asubuhi kabla ya jua, ni badiliko dogo lisilogharimu hata faranga moja. Kuna kundi jingine linalobeba hatari bila kujijua: wenye presha. Diklo na wenzake huufanya mwili uzuie chumvi na maji, hivyo presha hupanda na dawa zake hupungua nguvu. Anayetumia dawa za presha za jamii ya kaptoprili au enalaprili, akiongeza za kukojoza, kisha akaongeza na diklo, amekusanya vitu vitatu vinavyoibana figo kwa njia tatu tofauti. Huyo asimeze bila kumuuliza daktari, na neno "kimoja tu" lisimdanganye.

Kwa mjamzito, hoja ya maji inajirudia kwa namna ya pekee. Katika nusu ya pili ya mimba, maji yanayomzunguka mtoto tumboni kwa sehemu kubwa ni mkojo wa mtoto mwenyewe. Dawa ya mama hupita hadi kwenye figo za mtoto. Mkojo ukipungua, maji ya uzazi yanapungua. Oktoba 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha kuziepuka dawa hizi kuanzia wiki ya 20, isipokuwa daktari ameona sababu, kama ile aspirini ya kipimo kidogo ambayo baadhi ya wajawazito huandikiwa kwa ajili ya kuzuia kifafa cha mimba. Kuelekea mwisho wa mimba kuna hatari nyingine tena, ya kuufunga kabla ya wakati mshipa mmoja ulio karibu na moyo wa mtoto. Mjamzito anayeumwa mgongo au kichwa aanze na parasetamoli.

Tumbo nitalipitia haraka, maana habari zake zinajulikana: vidonda, kutoka damu, choo cheusi kama lami. Nasahihisha mambo mawili tu. La kwanza, sindano ya diklo hailinusuru tumbo. Madhara makubwa hayatokani na kidonge kugusa ukuta wa tumbo bali na dawa iliyo ndani ya damu, na sindano huipeleka huko moja kwa moja. Kula kabla ya kumeza nako hupunguza kichefuchefu na kiungulia, hakuzuii kidonda. La pili ni kuchanganya. Diklo na ibuprofeni kwa siku moja ni dawa moja iliyozidishwa, na kuongeza deksametazoni, ambayo baadhi ya watu Kongo huimeza ili wanenepe, huipandisha sana hatari ya kutoka damu. Mwambao wa ziwa una jambo lake la ziada: kichocho cha tumbo kikikaa miaka mingi huharibu ini na kuvimbisha mishipa ya damu ya koo la chakula, na mwenye hali hiyo hapaswi kuzigusa dawa hizi.

Wapo watakaosema: mbona Ulaya watu wanajinunulia wenyewe? Ni kweli kwa ibuprofeni ya kipimo kidogo, jumla isiyozidi miligramu 1,200 kwa siku na kwa siku chache. Kuhusu vidonge vya diklofenaki, Uingereza ilivitoa kwenye mauzo ya bila karatasi ya daktari Januari 2015, baada ya uchambuzi mkubwa wa mwaka 2013 kuonyesha kwamba kwa vipimo vya juu huongeza matukio mazito ya moyo na mishipa kwa takriban theluthi. Mwaka huohuo wa 2013 watafiti wengine walikuta diklofenaki ikiwa kwenye orodha za dawa muhimu za nchi 74, ingawa Shirika la Afya Duniani halikuwa limeiweka kwenye orodha yake, ambayo ina ibuprofeni. Kwa hiyo anayeiga Ulaya aiige yote, pamoja na bomba lisilokauka.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: nimezimeza miaka kumi, sijaona kitu. Sina shaka kwamba anayesema hivyo anasema kweli. Kwa mtu mzima mwenye afya na maji mwilini, hatari ya siku mbili tatu ni ndogo sana, na hata figo iliyopata mshtuko mara nyingi hurudi ikiwa dawa imeachwa mapema. Tatizo ni kwamba figo haiumi. Inaweza kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake bila mwenyewe kuhisi chochote, na miaka kumi ya salama haisemi lolote kuhusu siku moja ya kuharisha. Tena hatari ndogo haina bei moja kila mahali. Panapopatikana mashine ya kusafisha damu jirani, figo iliyosimama kwa wiki mbili ni ugonjwa wa kutibika. Pasipopatikana, ni jambo jingine kabisa.

Na tatu, kwamba parasetamoli ni dhaifu. Kwa maumivu ya hedhi, jino, goti lililovimba au jongo, ni kweli, hizi nyingine huishinda, na sioni sababu ya kumnyima mtu. Lakini kwa homa, kichwa, palu na uchovu wa mwili, parasetamoli inatosha, na haina tabia ile ya kuzima prostaglandini za figo. Ina mpaka wake: gramu 4 kwa saa 24 kwa mtu mzima, pungufu kwa aliyekonda au anayekunywa pombe sana, kwa kuwa ikizidi inaua ini. Wanaoiona dhaifu mara nyingi wamemeza kidonge kimoja cha miligramu 500 mara moja, halafu wakakata tamaa.

Muuzaji wa farmasi hana maabara, na hana muda wa kumhoji kila mteja. Swali moja linatosha kabla ya mkasi kukata plaketi: huyu atakayemeza ameharisha, ametapika au ameshindwa kunywa tangu jana? Jibu likiwa ndiyo, auze SRO na parasetamoli, na diklo isubiri hadi mgonjwa anakula, anakunywa na kukojoa mkojo mwepesi kama kawaida yake. Anayepitisha nusu siku bila mkojo, au anayeanza kuvimba miguu na uso baada ya kumeza, apelekwe hospitali na aseme wazi alichomeza, kwa sababu daktari asiyeambiwa anaweza kumwandikia sindano ya dawa ileile.