Sauti Inapokauka Isirudi

Mapema mwaka 1887 Friedrich, mrithi wa ufalme wa Ujerumani, alikaukwa na sauti. Ikadhaniwa ni mafua. Mafua yakaisha, sauti isirudi, na daktari aliyemchungulia kooni kwa kioo akaona kiuvimbe ukingoni mwa uzi wa sauti wa kushoto. Akakichoma mara kadhaa kwa waya wa umeme, kikaota tena. Madaktari wa Kijerumani walishuku saratani, wakataka kumpasua. Akaitwa bingwa kutoka London, Morell Mackenzie, akanyofoa kipande kikapelekwa kwa Rudolf Virchow, gwiji wa uchunguzi wa tishu wa zama hizo. Virchow hakuona saratani. Upasuaji ukaachwa. Kufikia Februari 1888 njia ya hewa ilikuwa imeziba hata ikabidi atobolewe shingoni apate kupumua. Mwezi Machi akarithi kiti akiwa hana sauti, akazungumza na mawaziri wake kwa vikaratasi, akatawala siku 99, akafa tarehe 15 Juni. Maiti ilipochunguzwa, saratani ikathibitika.

Kisa hiki husimuliwa kama ugomvi wa madaktari wa mataifa mawili. Kwangu kinaeleza zaidi tabia ya tishu ya nyuzi za sauti zenyewe.

Nyuzi za sauti ni mbili, zimelala ndani ya zoloto, na urefu wake kwa mwanamume ni sentimita mbili hivi. Katika mazungumzo ya kawaida hugongana mara mia na ushei kwa sekunde. Za mwanamke hukaribia mara 200. Tishu yenye kustahimili kazi hiyo imepangwa kwa matabaka, na Mjapani Minoru Hirano ndiye aliyeonyesha katika miaka ya 1970 kwamba mpangilio huo ndio siri ya sauti. Juu kuna utando mwembamba. Chini yake kuna tabaka teketeke kama ute wa yai, linaloitwa nafasi ya Reinke. Kisha nyuzinyuzi za elastini na kolajeni, zinazozidi kukaza kadiri unavyoshuka, na mwisho msuli. Sauti safi hutoka pale matabaka ya juu yanapoteleza kwa mawimbi bila kunata kwenye yale magumu ya chini. Ukiharibika utelezi huo, sauti imeharibika.

Ndiyo maana kina cha maradhi ni jambo kubwa kuliko jina lake. Mwalimu anayepaza sauti mbele ya darasa lililofurika huota vinundu pale nyuzi zinapogongana. Hivyo viko juujuu, na mara nyingi hunywea akipumzika na kufundishwa kutumia sauti vizuri. Moshi wa sigara hufanya jingine: hujaza majimaji nafasi ya Reinke, nyuzi zikawa nzito, na mwanamke akaanza kuitwa “kaka” kwenye simu. Virusi vya HPV, hasa aina ya 6 na 11, huotesha vigwaru ambavyo mtoto anaweza kuvipata kwa mama wakati wa kuzaliwa. Vikikatwa hurudi, na kila ukataji una hatari ya kuacha kovu. Kifua kikuu nacho hupanda hadi kwenye zoloto kikachimba vidonda.

Kovu ndilo hasara inayoogopesha. Kolajeni ngumu hukaa palipokuwa na ute, utando ukashikamana na kilicho chini yake, na hakuna dawa iliyothibitika kulirudisha tabaka lile lilivyokuwa.

Saratani hufuata njia hiyohiyo ya kushuka. Huanzia kwenye utando. Ikipenya chini, wimbi hukatika, na ikifika kwenye msuli uzi wenyewe huweza kuganda mahali pamoja. Ila nyuzi hizi zina mishipa michache sana ya limfu, kwa hiyo saratani iliyo bado juu ya uzi huchelewa kusambaa. Ikikamatwa katika hatua ya kwanza, takribani wagonjwa tisa kati ya kumi huvuka miaka mitano. Friedrich alipewa onyo mapema kama mgonjwa yeyote angeweza kutamani. Simtupii Mackenzie lawama zote, kwani kupasua zoloto siku zile kuliua wengi. Lakini kipande kidogo kilichonyofolewa hakikutosha kuthibitisha kwamba tishu yote iliyobaki ilikuwa salama.

Tatizo ni kwamba kwa sikio, kinundu cha mwalimu na saratani ya mfalme vinaweza kukwaruza sawasawa. Tangawizi na asali hutuliza koo, ila kinachomezwa hupita njia ya chakula na hakizigusi nyuzi za sauti. Sauti ikikauka zaidi ya wiki tatu, hasa kwa mvutaji, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, azitazame nyuzi zenyewe.