Hita ikiharibika Kinyinya: Pasha maji, usipashe chumba

UKIMWAMBIA mtu wa Mombasa au Dar es Salaam kwamba Kigali kuna baridi ya kumfanya mtu atafute moto, atacheka. Anachojua yeye ni kwamba Rwanda ipo karibu kabisa na ikweta. Lakini mji huu umekaa juu ya vilima vyenye kimo cha mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, na usiku wa mvua za masika joto hushuka hadi nyuzi 15. Kwa mtoto mchanga, kwa mzee, au kwa mfanyabiashara aliyeteremka kwenye basi na nguo zimelowa, nyuzi 15 si jambo la kuchekea.

Mimi ninaishi Kagugu, sekta ya Kinyinya, wilaya ya Gasabo. Wasomaji wenye umri wangu wanaijua Kinyinya hata kama hawajafika, kwa sababu hapa ndipo ilipokuwa mitambo ya redio ya Deutsche Welle tangu mwaka 1965 hadi ilipofungwa mwaka 2015. Enzi hizo eneo kubwa lilikuwa mashamba. Sasa ni nyumba juu ya nyumba, na nyingi zina tangi la maji na mirija ya vioo juu ya paa, yaani hita ya maji inayotumia nguvu za jua.

Hita hizo zimetuzoesha vibaya. Tumesahau maisha ya sufuria. Ndiyo maana yetu ilipoharibika katikati ya mvua, na kampuni iliyotuuzia ikatuambia tusubiri wiki 3 kwa sababu kipuri kinatoka nje, nyumba nzima ilikaa kama watu waliofiwa. Tulikuwa na mtoto wa miaka 3 mwenye kikohozi, na mama yangu mzazi ambaye amepita miaka 70.

Mama hakupoteza muda. Jioni ya kwanza alimwita binti wa kazi, akamwagiza awashe imbabura, jiko letu la mkaa, uani. Moshi ukishaisha na makaa yakawa mekundu, jiko liingizwe chumbani kwake na mlango ufungwe.

Nikamwambia, "Mama, hilo jiko haliwezi kulala na wewe."

"Mwanangu," akanijibu, "kule Karagwe tulilala na moto miaka yote. Wewe mwenyewe umekulia kwenye moshi, mbona hukufa?"

Ndugu msomaji, swali hilo ni zito, na wengi wetu tuliorudi kutoka nje tunalibeba vichwani. Aliyeishi Karagwe, Masisi au Nakivale anakumbuka moto wa usiku na hakuona mtu akifa. Lakini nyumba zile zilikuwa za namna gani? Zilikuwa za nyasi au udongo, zenye nyufa kila upande, na moshi ulitoka kupitia paa lenyewe. Nyumba ilikuwa inapumua. Nyumba za Kinyinya zina sakafu ya saruji, dari ya mbao, madirisha ya vioo, na milango ya chuma inayofunga sawasawa. Matundu machache ya hewa yaliyoachwa juu ya madirisha ndiyo ya kwanza kuzibwa kwa magazeti na magunia mvua inapoanza. Ukiingiza jiko humo, umeingiza kitu kingine kabisa.

Mkaa unapoungua bila hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na haikohozi mtu. Ikiingia mwilini hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mtu anavuta pumzi kama kawaida huku mwili wake unakosa hewa. Kinachodanganya watu ni ule moshi. Wengi huamini kwamba jiko likishaacha kutoa moshi limekuwa salama. Kumbe makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo hatari ya kimyakimya, kwa sababu moshi angalau ungekutoa chumbani. Wengine huweka sufuria ya maji pembeni wakidhani itanyonya sumu. Hainyonyi. Na ufa mdogo wa mlango si dawa ya kutegemea.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Kwetu huku mtu akizisikia hizo anasema ni malaria na anajifunika blanketi alale, ndani ya chumba kile kile. Tofauti yake ni hii: ikiwa watu wawili au watatu wa chumba kimoja wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja na kuna jiko ndani, usifikirie mbu. Toeni watu nje kwanza, fungueni madirisha, kisha pigeni namba 912 ya huduma ya dharura. Aliyezimia anahitaji oksijeni ya hospitali, si maziwa, jambo ambalo majirani wema watalipendekeza kabla ya lolote.

Ninaandika haya nikiwafikiria zaidi wenzangu wa mipakani. Kigali ni joto ukilinganisha na njia mnazopita. Byumba, kwenye barabara ya kwenda Gatuna, ipo juu ya mita 2,000. Kisoro, ng'ambo ya mpaka wa Cyanika, ni baridi ya kukufanya uvae koti mchana. Tangu mpaka wa Gatuna ulipofunguliwa tena mwishoni mwa Januari 2022, baada ya kufungwa karibu miaka 3, biashara imerudi, na wageni wanalala tena kwenye vyumba vya bei ya chini, watu wanne chumba kimoja, dirisha moja dogo. Mwenye nyumba akikuletea jiko la mkaa kwa ukarimu, mshukuru, ota moto huo barazani, halafu liache huko huko nje unapoingia kulala. Mkongomani aliita mbabula, Mnyarwanda imbabura, Mtanzania jiko. Gesi yake ni moja.

Basi tufanye nini, na hela zenyewe hakuna? Hapo ndipo ninapotaka kutoa hesabu yangu ya zile wiki 3, maana tuliimaliza shida bila kuingiza moto ndani.

Ndugu zetu waliorudi kutoka Brussels au Montreal wana fikra moja: wanataka chumba kipate joto. Kule kuna boila inayosambaza maji moto kwenye mabomba ya kila chumba, na ikiharibika mtu anakimbilia dukani kununua hita ya umeme ya kuweka sakafuni. Ulaya wana haki, kwa sababu nje ni chini ya sifuri. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa makazi wa mwaka 2018 lilitaja nyuzi 18 kuwa joto la chini linalofaa ndani ya nyumba za nchi za baridi. Sisi usiku wetu wa Kigali umepungukiwa nyuzi chache tu kufikia hapo. Pengo hilo linazibwa na blanketi, si mtambo.

Chukua hita ya umeme ya wati 2,000. Ukiiwasha saa 3 imekula uniti 6 za umeme, na ukiizima joto linapanda juu ya dari na kutokea kwenye mabati kabla hujapata usingizi. Sasa chukua maji. Hapa Kigali, kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Lita 5 za maji yaliyochemka, ukizichanganya na lita 10 za maji baridi ya bomba, unapata lita 15 za maji moto ya kuoga mtu mzima, na bado utaongeza baridi kidogo. Kuchemsha lita hizo 5 kwa birika la umeme, yaani kulijaza mara 3, kunakula chini ya nusu uniti. Kwa umeme ule ule wa kupasha chumba kimoja jioni moja, wanaoga watu 12.

Na kuna jambo la Cash Power ambalo wageni hawalijui. Bei ya umeme wa majumbani hapa Rwanda inakwenda kwa ngazi: uniti za kwanza za mwezi ni nafuu, ukivuka kiwango zinazofuata zinapanda sana. Hita ya chumba inakusukuma ngazi ya juu ndani ya siku chache, na kuanzia hapo hata taa na pasi unazilipia kwa bei hiyo. Mtu analalamika kwamba mita yake ina kasoro, kumbe kasoro ipo sakafuni inang'aa.

Gesi ya mtungi nayo ilitusaidia sana, hasa umeme ulipokatika. Kwa hesabu yangu, mtungi wa kilo 12 unachemsha zile lita 5 si chini ya mara 150. Jiko la gesi likae jikoni, dirisha likiwa wazi, wala lisigeuzwe kuwa la kupashia chumba. Mkaa kwa kazi hiyo hiyo unakula kama robo kilo kwa mtu mmoja, ukiachilia mbali unaopotea wakati wa kuwasha; kwa hiyo kama jiko limeshawashwa uani kwa ajili ya maharagwe, weka sufuria ya maji juu yake maharagwe yakishaiva. Makaa yanayobaki ni joto ulilokwisha kulilipia. Mfanyabiashara anayenunua mtungi Uganda au Tanzania aangalie kwanza kama kichwa chake kinaingiliana na vifaa vya hapa, asije akabeba chuma kizito bure.

Ile fimbo ya umeme ya kutumbukiza kwenye ndoo siipendi. Ni ya bei rahisi kuliko vyote na inafanya kazi, nakubali. Lakini mtu anayetaka kujua kama maji yamepata moto huingiza kidole, na huo ndio mwisho wake. Kama huna njia nyingine, itumbukize kwanza ndipo uchomeke, chomoa kwanza ndipo uguse maji, na mtoto asiwe karibu. Usiiunganishe kwenye ule waya mwembamba wa kuchajia simu, utayeyuka.

Kuhusu mama, tulielewana kwa njia ambayo ilimridhisha. Saa 2 usiku tulijaza maji moto kwenye mfuko wa mpira, theluthi mbili tu, tukautoa hewa, tukaufunga vizuri, tukauzungushia taulo na kuuweka miguuni pake chini ya mablanketi mawili. Maji yasiwe yale yanayotokota, maana mpira huzeeka na kupasuka, na ngozi ya mzee huungua upesi bila yeye kusikia. Chini ya godoro tulitandika mkeka na boksi za karatasi zilizofunguliwa, kwa sababu baridi nyingi ya nyumba za saruji hutoka chini. Chupa kubwa ya chai ilikaa kando ya kitanda, kwa ajili ya alfajiri. Asubuhi ya pili aliniuliza kama mifuko hiyo inauzwa Kimironko, anataka kumpelekea dada yake.

Mablanketi tuliyapata kwenye caguwa, neno ambalo Wanyarwanda wamelitoa kwenye "chagua" yetu. Tangu ushuru wa mitumba ulipopandishwa mwaka 2016 hayapatikani kirahisi kama zamani, lakini la sufu lililotumika bado linalishinda jipya la nailoni.

Jua nalo halikuwa limeharibika, iliyoharibika ilikuwa hita. Masika ya Kigali mara nyingi huacha saa kadhaa za jua kati ya mvua na mvua. Tuliweka ndoo nyeusi zenye mifuniko kwenye uwanja wa saruji tangu saa 3 asubuhi. Siku nzuri, maji ya saa 9 alasiri yalimtosha mtoto kuoga bila kuchemshwa. Siku mbaya yalikuwa ya vuguvugu, lakini hata hayo yanapunguza kazi ya birika.

Fundi alipokuja alitueleza chanzo, na hili liwafikie wote wenye mirija ya vioo juu ya paa. Maji ya bomba yanapokatika siku kadhaa, tangi linakauka huku jua likiendelea kuichoma mirija. Maji yakirudi mchana, baridi inaingia ghafla kwenye vioo vyenye moto mkali na vinapasuka. Kile chuma cha umeme kilichomo ndani ya tangi nacho kikiwashwa pakiwa pakavu huungua. Kwa hiyo maji yakikatika, zima swichi ya hita, na ufunge valvu inayopeleka maji kwenye tangi. Ifungue usiku au kabla jua halijachomoza, acha tangi lijae, ndipo uwashe. Kwetu mirija 4 ilikuwa imepasuka na chuma hicho kimeungua. Kabla ya kumlipa nilimwomba avishushe vyote chini nivione.