Ganda la Kinkina: Dawa kwa Kipimo

Nani katika milima ya Kivu asiyeujua mti wa kinkina? Ganda lake ni chungu, na uchungu huo umeokoa watu wengi. Lakini si wote wanaojua kilichomo ndani yake.

Asili ya mti huu ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Katika karne ya 17 mapadri Wajesuiti walilipeleka ganda lake toka Peru mpaka Roma. Kwetu ulipandwa wakati wa Wabelgiji.

Zamani waganga wa Ulaya walilisaga ganda na kumnywesha mgonjwa pamoja na divai. Huyu alipona, yule alikufa. Kwa sababu gani? Miti ya kinkina hufanana kwa macho, lakini mmoja una dawa nyingi, mwingine kidogo sana. Mwaka 1820, mjini Paris, Pelletier na Caventou waliitenga dawa yenyewe, wakaiita kinini. Tangu hapo iliwezekana kuipima kwa mizani. Katika ganda hilohilo imo pia kinidini, ambayo hutuliza mapigo ya moyo yaliyovurugika.

Kinini hufanyaje kazi? Mdudu wa malaria huingia katika chembe nyekundu za damu, akala kilichomo. Chakula hicho humwachia sumu, naye huigeuza kuwa punje ngumu zisizomdhuru. Wataalamu hufikiri kwamba kinini huzuia mgeuzo huo. Basi mdudu hufa kwa sumu ya chakula chake.

Lakini dawa hiyohiyo ikizidi humdhuru mtu. Masikio huvuma, sukari ya damu hupungua, na moyo waweza kupiga vibaya. Mama anayemchemshia mtoto ganda hawezi kujua kikombe kina kinini kiasi gani: pengine haitoshi, pengine inazidi.

Tena, siku hizi kinini si dawa ya kwanza ya malaria. Waganga hutoa dawa zilizochanganywa na jamii ya artemisinini, iliyopatikana katika mmea wa China katika miaka ya 1970.

Basi, enyi wazazi, mtoto akishikwa na homa, msingoje. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, damu yake ipimwe. Na kama amekwisha kunyweshwa ganda au majani, mwambieni mganga bila kuficha, ili asimwongezee dawa juu ya dawa.