Twende kwa Mwendo wa Mdogo Wetu

Akina mama wapendwa, likizo ya shule inapofika wengi wetu huwapeleka watoto kwa nyanya yao, au huwaacha mbele ya televisheni. Kwa nyanya ni kwema. Lakini ziko pia safari za miguu ambazo jamaa nzima hujibebea chakula na hema, na wazazi hupata nafasi ya kuongea na watoto wao. Sisi, wazazi na watoto watatu, tulichagua Ziwa Ellis katika Mlima Kenya.

Ziwa hili dogo liko upande wa mashariki wa mlima, mita zipatazo 3,450 juu ya bahari. Kutoka Chogoria njia hupita mashamba, kisha msitu wenye mianzi, hadi lango la hifadhi lililo karibu mita 2,950. Hapo tulipiga hema usiku wa kwanza. Baba alibeba hema, mama sufuria, unga na jiko dogo la gesi. Kila mtoto alikuwa na shanta yenye sweta, soksi kavu, koti la mvua na chupa ya maji.

Asubuhi ya pili kitinda mimba wetu, mwenye miaka minane, alikataa uji. Alisema kichwa kinamwuma, kisha akatapika. Kifungua mimba, ambaye kwa miezi alingoja kulala kando ya ziwa, akasema mdogo wake anadeka. Baba naye alitazama mawingu, akihofia mvua ya mchana. Tulishauriana, tukaamua kwamba siku hiyo hapandi mtu.

Sababu ni hii. Kuanzia mita 2,500 hivi hewa ni nyepesi, na mwili huhitaji muda wa kuizoea. Mtu huumwa kichwa, hukosa hamu ya kula, hutapika au huchoka kupita kiasi. Mtoto mdogo hawezi kueleza. Yeye huacha tu kucheza na kula. Akiwa na dalili hizo, asipande zaidi. Apumzike, anywe maji. Akizidiwa, ateremshwe mara moja. Akipepesuka, akichanganyikiwa au akihema angali amekaa, hiyo ni hatari ya kifo: ateremshwe hata kama ni usiku, na apelekwe hospitali. Dawa ya maumivu isiwe sababu ya kuendelea kupanda.

Wetu alipata nafuu mchana, na jioni akala ugali. Siku ya tatu alikuwa mzima, tukapanda yeye akitangulia, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Tulifika saa tano. Maji yalikuwa yametulia katikati ya nyasi za mlimani, lakini vilele vilikwisha kufunikwa na mawingu. Tulikula chapati, tukaomba, tukakaa saa moja. Usiku wa ziwani ulikuwa umekwisha kutumika langoni, hivyo ilitubidi kurudi. Kifungua mimba alinuna kidogo. Tulipoanza kuteremka, tulimwona amebeba shanta mbili.

Akina mama, mkipanga safari kama hii, chukueni kiongozi anayeijua njia, kwa maana msituni mna nyati na tembo. Laleni usiku mmoja au zaidi njiani, na wekeni siku moja ya akiba. Kabla ya kuondoka nyumbani, kubalianeni mbele ya watoto wote kwamba mmoja akiugua, wote watangoja. Mungu awatangulie.