Habari ya vita: uliza imejulikanaje

(Muziki wa kufungulia. Unashuka polepole.)

Leo tunaeleza namna ya kutofautisha habari ya vita ya kuaminika na uvumi. Hapa Juba, jambo hili ni la kufa na kupona.

Kumbuka tarehe 8 Julai 2016. Rais Salva Kiir na makamu wake wa kwanza, Riek Machar, walikuwa ndani ya ikulu ya J1. Nje walikuwapo walinzi wa pande zote mbili, na usiku uliotangulia wanajeshi wa pande hizo walikuwa wamepigana risasi Gudele. Msemaji wa Machar akaandika kwenye Facebook kwamba kiongozi wake amekamatwa. Haikuwa kweli. Mapigano yalizuka, na kwa siku chache mamia ya watu wakauawa mjini. Maneno yale hayakuanzisha uhasama, tayari ulikuwapo. Lakini palipomwagika petroli, hapawashwi kiberiti.

Redio nayo imewahi kutumiwa vibaya. Aprili 2014, waasi walipoiteka Bentiu, Umoja wa Mataifa uliripoti kwamba baadhi yao walitumia kituo cha Bentiu FM kuchochea chuki za kikabila. Raia zaidi ya 200 waliuawa katika msikiti walimokimbilia. Kwa hiyo usiridhike na "redio imesema", hata kama redio hiyo ni yetu.

Basi uamini nini? Amini habari inayokueleza imejulikanaje.

Chukua mfano wa idadi ya waliokufa. Kwa miaka kadhaa tulisikia kwamba vita yetu imeua watu 50,000, mara nyingi bila kuelezwa hesabu hiyo ilipatikana vipi. Mwaka 2018, watafiti wa London School of Hygiene and Tropical Medicine walitumia taarifa za vifo zilizokusanywa kaya kwa kaya, wakalinganisha na vifo ambavyo vingetokea bila vita. Walikadiria vifo vya ziada karibu 383,000 kati ya Desemba 2013 na Aprili 2018. Karibu nusu vilitokana na mauaji. Vingine vilitokana na mambo kama magonjwa, njaa na kukosa matibabu. Walisema wazi kwamba ni makadirio, na wakaonyesha njia waliyopita ili wengine waikague. Kwa hesabu hiyo, hata mtoto aliyekufa kwa malaria familia ikikimbilia vinamasi ni mmoja wa waliokufa kwa sababu ya vita. Hajasahauliwa.

Msikilizaji, ujumbe ukiingia kwenye simu yako, uliza maswali matatu.

La kwanza: nani aliona? "Watu wanasema" si shahidi.

La pili: wapi, na lini? Picha ya zamani au ya nchi nyingine huweza kupewa jina la Juba.

La tatu: nani hasa anatuhumiwa? Januari 2025, video za Wasudani Kusini wakiuawa Wad Madani, Sudan, zilituumiza sote. Lakini hapa Juba hasira ikawaangukia wafanyabiashara wa Kisudani ambao hawakuhusika. Maduka yakaporwa, watu wakauawa, serikali ikapiga marufuku kutembea usiku. Kikundi chenye silaha kikifanya uovu, kitajwe kwa jina lake. Ukisema "Waislamu", "Waarabu", au ukataja kabila zima, umemhukumu jirani yako anayekuuzia sukari.

Kama jibu la swali hata moja halipo, usisambaze. Subiri. Mpigie ndugu aliye eneo hilo, sikiliza zaidi ya kituo kimoja, halafu uamue. Ikiwa risasi zinasikika karibu nawe, jilinde kwanza, simu itangoje.

(Muziki wa kufungia.)