Kikapu: Tusiache mbachao kwa mswala upitao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe dukuduku langu kuhusu usajili wa nyota katika mpira wa kikapu. Kila msimu unapokaribia, mashabiki huulizana: safari hii tutampata mchezaji gani mkubwa aliyemaliza mkataba huko nje? Wapo wanaoamini kwamba mtu huyo akishatua uwanja wa ndege, kombe limekwisha patikana. Mimi nasema tufikiri upya.

Mchezaji huru ni yule ambaye mkataba wake umekwisha, naye aweza kwenda atakako. Timu aliyoiacha haiambulii kitu. Mwaka 2016 Kevin Durant aliiacha Oklahoma City Thunder kwa njia hiyo, akajiunga na Golden State Warriors. Golden State walimudu kumlipa kwa kuwa mwaka huo kikomo cha mishahara ya kila timu kilipanda kutoka dola milioni 70 hadi zaidi ya milioni 94, kutokana na fedha za mkataba mpya wa televisheni. Wakatwaa ubingwa mwaka 2017 na 2018.

Wapenda nyota watasema, si unaona! Lakini tujiulize, Durant aliwakuta akina nani? Aliwakuta Stephen Curry, Klay Thompson na Draymond Green, vijana ambao timu hiyo iliwachukua walipotoka vyuoni ikawalea yenyewe. Tena walikuwa wamekwisha twaa ubingwa mwaka 2015, kabla yeye hajafika. Nyota aliingia katika nyumba iliyokwisha ezekwa. Nao Oklahoma hawakukaa kulia. Walikusanya vijana, wakavumilia misimu ya kufungwa, na mwaka 2025 wakawa mabingwa.

Sasa tuje nyumbani. Ndugu yetu Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, na alianza kucheza kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi. Hata hivyo, mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchagua wa pili kati ya vijana wote walioingia ligi ya Marekani. Curry alichaguliwa wa saba. Lakini ilipofika mwisho wa mwaka 2014 Thabeet alikuwa hana tena timu katika ligi ile, wakati Curry alikuwa anaelekea kwenye ubingwa. Kipaji kilikuwapo, ila kilichelewa kukutana na goli. Je, angezaliwa huku kwetu Nambis? Naogopa angeishia kusifiwa urefu wake mnadani.

Ndugu Mhariri, hapa Mbulu na kwa jirani zetu wa Hanang hatuna uhaba wa vijana warefu wala wenye pumzi. Mzee wetu John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 akiwa ameumia goti, ni mtu wa huku. Lakini mbio zinahitaji barabara tu, nayo tunayo hata kama ni ya vumbi. Kikapu kinahitaji uwanja mgumu wa meta 28 kwa 15, na goli lenye kimo cha meta 3.05. Katika shule nyingi za vijijini vitu hivyo havipo.

Sisemi klabu zisisajili nyota. Thabeet alipokuja kuichezea Dar City, akiwa amevuka miaka 35, ilikuwa heshima kwetu sote. Ila mtoto aliyemtazama akarudi nyumbani na hamu, atarusha mpira wapi?

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa Shirikisho la Mpira wa Kikapu, halmashauri zetu na klabu zote wafanye mambo mawili. Kwanza, klabu inayosajili mchezaji mkubwa itenge sehemu ya fedha hizo ijenge uwanja katika shule moja ya kijijini. Nguzo na mbao fundi wa kijiji anaziweza. Saruji ndiyo inayotushinda. Pili, mkataba wa nyota huyo umtake atembelee shule kufundisha wakati ligi imesimama. Mkataba ukiisha ataondoka, maana yeye ni mtu huru. Uwanja utabaki.

Mpenda Kikapu,
Nambis,
Mbulu.