Kisukari cha mtoto si kisukari cha babu

Mtoto wa miaka 9 aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza tena. Godoro linaanikwa kila asubuhi, ndugu zake wanamzomea, pengine anachapwa. Mchana habanduki kwenye mtungi wa maji na kiu haimwishi. Anakula, tena sana, lakini sare ya shule inazidi kumpwaya. Wiki chache baadaye anatapika, tumbo linamuuma, anahema kama aliyetoka kukimbia, na pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Akifika zahanati katika hali hiyo, mara nyingi huanza kutibiwa malaria, homa ya matumbo au maambukizi ya njia ya mkojo. Hayo ni magonjwa tunayoishi nayo, ndiyo maana hutajwa kwanza. Lakini tone moja la damu kwenye mashine ya kupimia sukari lingetoa jibu hata kabla hajanyanyuka kitini. Mtoto yeyote anayetapika na kuhema namna hiyo apimwe sukari palepale.

Jibu likishatoka, hatari ya pili hutoka kwa watu wanaompenda. Karibu kila ukoo una mgonjwa wa kisukari: babu anayekunywa chai kavu, shangazi anayemeza vidonge, jirani anayechemsha majani ya mlonge. Wote wana uzoefu, na ushauri wao unafanana: mnyimeni vitamu, mpikieni dona, sindano iwe ya mwisho kabisa. Wazee wengi wana kisukari cha aina ya pili, ambapo mwili bado hutengeneza insulini ila haitumiki ipasavyo. Kwao, kupunguza chakula na kutembea kunaweza kusaidia kwa miaka. Mtoto huyu ana aina ya kwanza. Kinga yake mwenyewe imeua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Hazikuuawa na pipi wala soda, na hakuna majani yatakayozifufua. Insulini isipokuwepo, sukari hubaki kwenye damu huku mwili ukiyeyusha mafuta yake, na ketoni zinazotokana na mafuta hayo huifanya damu kuwa na tindikali. Ndiko kunakotoka kule kutapika na kuhema.

Tiba ya kubana chakula peke yake ilishajaribiwa kwa bidii zote. Kabla ya 1922, daktari Mmarekani Frederick Allen aliwapa wagonjwa wake chakula kidogo mno; watoto waliongezewa muda kidogo wa kuishi, nao waliuishi wakiwa mifupa mitupu. Tarehe 11 Januari 1922, mjini Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alichomwa insulini kwa mara ya kwanza. Dawa ile haikuwa safi na haikumsaidia. Siku 12 baadaye alipewa iliyosafishwa na James Collip, na sukari yake ikashuka. Aliishi miaka 13 zaidi.

Kwa hiyo insulini ndiyo inayotangulia, chakula na mazoezi vinaifuata. Watoto wengi hapa kwetu hutumia ile angavu ya muda mfupi pamoja na ile ya ukungu ya muda mrefu zaidi, au mchanganyiko wa zote mbili asubuhi na jioni. Ya muda mfupi huchomwa kama nusu saa kabla ya kula. Ile ya ukungu hukolea nguvu saa kadhaa baadaye, yaani dozi ya alfajiri huwa kali mchana. Mtoto asipopata chakula cha mchana shuleni, sukari yake itaporomoka, hata kama asubuhi kila kitu kilifanywa sawasawa.

Wali, ugali, chapati, mihogo na ndizi za kupika, vyote ni wanga, na wanga huishia kuwa sukari kwenye damu. Gramu 100 za unga wa mahindi zina wanga wa gramu 75 hivi. Dona, mtama na ulezi haviko mbali na hapo, ila nyuzinyuzi zake huipunguzia sukari kasi ya kupanda. Linalotakiwa kujulikana zaidi ni kiasi alichokula. Kwenye sinia la pamoja hakuna ajuaye amekula matonge mangapi, kwa hiyo ni afadhali atengewe sahani yake na apimiwe kwa bakuli lilelile kila siku. Lakini sahani hiyo ikae mkekani pamoja na wenzake. Mtoto asiliwe na upweke kwa sababu ya ugonjwa.

Wala asikatazwe mpira. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, na huendelea kuivuta saa nyingi baadaye. Aliyecheza jioni anaweza kushukiwa na sukari usiku wa manane. Apime kabla ya kucheza, na kama iko chini ya milimoli 5 kwa lita, ale chungwa au kipande cha mkate kwanza. Ikiwa juu ya 14 na ana ketoni, apumzike na apelekwe kliniki. Ikishuka chini ya 3.9 hutetemeka, hutoka jasho, huwa mkali bila sababu. Akorogewe vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, anywe, apimwe tena baada ya dakika 15. Akizimia asinyweshwe chochote, akimbizwe hospitali. Mwalimu wa darasa lazima ayajue haya. Na siku mtoto ana homa na hataki kula, insulini isiachwe, kwani homa hupandisha sukari hata tumbo likiwa tupu.

Insulini hutunzwa penye baridi, lakini nyumba isiyo na jokofu isikate tamaa. Huko Dagahaley, katika kambi za wakimbizi za Dadaab nchini Kenya, wagonjwa walilazimika kwenda hospitali kila siku kuchomwa sindano kwa sababu ya joto. Utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva, uliochapishwa 2021, ulionyesha kuwa chupa ya insulini iliyofunguliwa hubaki na nguvu zake wiki 4 katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Mtungi wa udongo wenye unyevu, ukiwekwa kivulini, husaidia zaidi. Jua kali na friza ndivyo vinavyoiua.

Kipindi ninachokihofia kuliko vyote huja baada ya wiki kadhaa za sindano. Seli chache zilizosalia hupata ahueni, dozi hushuka, vipimo hupendeza, mtoto hunawiri. Nyumbani husemwa amepona. Muuza mitishamba hujitwalia sifa, na aliyemwombea hutoa ushuhuda. Ahueni hiyo kwa kawaida ni ya miezi, kisha huisha, na waliokwisha kuacha sindano hurejea hospitali mahututi, wengine hawafiki. Daktari anaweza kupunguza dozi hadi yuniti 2 au 3 kwa siku. Hizo 2 au 3 achomwe.